Mwenye Kurudi Chuoni Kwanza Husikilizwa

Sisi tuliolelewa pwani tulilijua neno chuo kabla ya kusikia habari za vyuo vikuu. Chuo kwetu ni pale kwa maalimu, barazani au ukumbini mwa nyumba yake, tulipokaa juu ya jamvi tukisoma alifu na be kwa sauti moja. Wazee wetu walilitumia neno hilo hilo kwa kitabu, wakasema fulani ana vyuo vingi, maana yake nyumba yake imejaa vitabu. Leo neno limepanuka. Kuna chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, chuo cha utabibu na chuo kikuu. Lugha imekua, na hilo ni jema. Lakini liko jambo moja la chuo cha zamani ambalo tulilisahau jamvini tulipohamia vyuo vya leo, na ndilo nitakalo kulizungumza na wasomaji wangu.

Mtoto akikosa kuja chuoni siku nyingi, pengine kwa surua, pengine kwa safari ya Lamu au Vanga pamoja na wazazi wake, siku ya kurudi kwake maalimu hakumuuliza maneno mengi. Alimwita mbele akamwambia, "Haya, soma." Mtoto akasoma pale alipokuwa ameachia, maalimu akainamisha kichwa akisikiliza. Akiwa asoma vyema, aliendelea. Akiwa atatizika, alirudishwa nyuma sura mbili au tatu akadurusu, kisha ndipo akaenda mbele. Kurudishwa hakukuwa aibu; aibu ilikuwa kujifanya wajua. Na yule asiyeonekana kabisa, wakubwa wa chuo walitumwa kwao kumtafuta. Akiwa mgonjwa, habari ilirudi na dua ikaombwa. Akiwa mtoro, alibebwa mzobemzobe, huyu kashika mikono na yule miguu, mpaka akatuliwa jamvini huku wenzake wacheka.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2020. Mwaka ule maradhi ya korona yalifunga vyuo vyote vya Kenya, na vilipofunguliwa kila mtu aliuliza kama vyuo viko tayari. Waziri aliuliza, wakuu wa vyuo waliulizwa, magazeti yaliandika. Waliosahauliwa kuulizwa ni wanafunzi wenyewe. Je, wao walikuwa tayari kurudi darasani? Nami nataka kulitazama swali hilo katika nchi iliyo mbali na bahari yetu, nchi ya Kisii na Nyamira.

NCHI YA MILIMA

Msomaji ataniuliza, mtu wa Mombasa na Kisii wapi na wapi? Jawabu ni kwamba siku hizi watoto wetu wako huko. Kijana wa Kilifi au wa Kwale akimaliza kidato cha nne, hupangiwa chuo popote penye nafasi, na wengi wamejikuta wamepelekwa Kisii. Hupanda basi la usiku kutoka Mombasa, likapita Nairobi na Narok, likakwea mpaka Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira, na mwisho akashuka mahali penye baridi, mgomba kila kona, na vilima vilivyovikwa majani ya chai kama mkeka wa kijani.

Ni nchi ya watu wengi katika ardhi ndogo. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Lugha yao ni ndugu ya lugha yetu. Mtu kwao ni omonto na mtoto ni omwana, na mtoto wa pwani hachukui muda kuanza kuokota maneno. Uislamu nao si mgeni katika mji wa Kisii, kwani Wanubi wameishi hapo tangu zamani, na kijana wetu akishuka kwenye basi hakosi mahali pa kusali Ijumaa.

Elimu nayo ina mizizi huko. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kufundisha walimu wa skuli za msingi, katika ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Gusii. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kusimama peke yake. Mjini Kisii kuna pia chuo cha taifa cha ufundi, ambacho zamani kilijulikana kama taasisi ya teknolojia ya Gusii, na upande wa Nyamira kuna chuo cha walimu cha Borabu. Chuo cha utabibu cha Kenya nacho kina matawi katika kaunti zote mbili. Basi tunapozungumza juu ya wanafunzi wa Kisii na Nyamira, tunazungumza juu ya maelfu ya vijana: wenyeji wa vilimani pamoja na wageni kutoka kila pembe ya nchi, wetu wakiwamo.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru masomo yasimame, na vyuo vikuu vikapewa mpaka tarehe 20 Machi viwe vimetoa wanafunzi wote. Vijana walifungasha haraka, wengi wakidhani ni likizo ya majuma mawili au matatu. Waliacha magodoro, masufuria na madaftari katika vyumba vya kupanga. Mpwa wangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha huko, aliteremka Mombasa na mkoba mmoja mgongoni. Alipofika aliniambia, "Shikamoo mjomba, nimekuja kuwasalimu kidogo." Kidogo hicho kikawa zaidi ya miezi sita.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kukumbushwa yaliyofuata. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hapana kuingia wala kutoka. Misikiti ilikuwa imekwisha fungwa, na Ramadhani ya mwaka ule tulisali tarawehe majumbani na watoto wetu, imamu akiwa baba na safu ikiwa sebule. Mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukazungushiwa vizuizi. Tulikuwa tumekaa, twangoja.

Vijana wa Kisii na Nyamira nao walikuwa wamekaa kwao, wakingoja kwa namna yao. Lakini katika nyumba ya mkulima kijana mwenye nguvu hakai akingoja. Majani ya chai hayajui korona. Yakikomaa yataka kuchumwa. Wengine walirudi katika mashamba ya wazazi. Upande wa Tabaka, palipo na yale mawe laini yachongwayo vinyago na sahani, mikono ya kuchonga ilikuwapo lakini watalii wa kununua walikuwa wametoweka. Wengine waliuza ndizi kando ya barabara, na wengine wakaingia katika bodaboda.

DARASA LA HEWANI

Ilisemwa kwamba masomo yataendelea kwa njia ya intaneti. Kwa aliye na kompyuta, umeme wa kutegemewa na chumba chake, jambo hilo liliwezekana. Kwa wengi halikuwa jepesi. Nchi ya vilima ina tabia yake. Simu yaweza kushika mawimbi juu ya kilima na ikayapoteza bondeni kwenye nyumba. Na hata mawimbi yakiwapo, yalihitaji kununuliwa. Mzazi mwenye shilingi mia mfukoni, mbele yake pana unga na pana bando la simu ya mwanawe, twajua atanunua nini kwanza, wala hatuwezi kumlaumu.

Liko jambo la ajabu lililotokea mwaka ule, na wengi wa pwani hawakulisikia. Mwezi wa Julai 2020 maputo makubwa yalirushwa juu ya Kenya kupeleka intaneti. Yalikuwa ya kampuni ya Loon, iliyo katika ukoo mmoja na Google, ikishirikiana na Telkom Kenya. Yalielea kiasi cha kilomita 20 juu angani, juu ya njia za ndege, na yalikusudiwa kufikisha mawimbi katika eneo linalokaribia kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi. Kisii ilikuwa miongoni mwa miji iliyotajwa. Hebu fikiri, msomaji: kijana amekaa kwenye shamba la chai na simu yake, na darasa lake limening'inia mbinguni.

Lakini Januari 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inafunga kazi, na Machi mwaka huo huduma yake nchini Kenya ikakoma. Siyataji maputo kwa kuyafanyia dhihaka; waliojaribu walijaribu jambo kubwa. Nayataja kwa sababu yaonyesha jinsi tulivyodhani kwamba shida ya mwanafunzi ni mawimbi tu, na kwamba mawimbi yakifika, mwanafunzi amefika. Chuo chetu cha jamvini kilikuwa na somo jingine. Kusoma kulikuwa ni kukaa pamoja. Mmoja akikosea mwenzake alimtonya, na sauti ya wote ilimbeba aliyechoka. Kijana aliyeachwa peke yake na simu miezi sita alikosa masomo, na alikosa pia wenzake wa kumbeba.

KIPIMO CHA UTAYARI

Mwezi huo huo wa Julai, Waziri wa Elimu Profesa George Magoha, ambaye alifariki Januari 2023, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 kwa skuli za msingi na za sekondari umepotea. Vyuo vilipewa matumaini ya kufunguliwa mapema zaidi, kwa sharti kwamba vitimize kanuni za afya. Hapo ndipo hesabu ikaanza. Mifereji ya kunawa mikono ni mingapi? Viti viko mbali kiasi gani? Vipimajoto vipo mlangoni? Barakoa je? Bweni la vitanda vinne litalaza wangapi? Kuanzia Oktoba 2020 vyuo vikaanza kufunguliwa kwa awamu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakitangulia. Skuli nazo zilipokea madarasa matatu tarehe 12 Oktoba, na waliobaki tarehe 4 Januari 2021.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Maji na sabuni ni mambo ya lazima. Sisi tutawadhao mara tano kwa siku ndio wa mwisho kuyadharau. Maradhi yalikuwa ya kweli, na Wizara ya Afya imeandika vifo zaidi ya 5,600 katika Kenya. Tuliona jinsi misikiti ilivyofunguliwa Julai ile: watu wasizidi mia, ibada isizidi saa moja, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya 58 wabaki nyumbani, na madrasa zisifunguliwe kwanza. Tulitia udhu nyumbani, tukachukua kila mtu msala wake, tukasimama mbalimbali katika safu. Tulitii. Lakini imamu wangu alifanya jambo moja zaidi. Baada ya salamu alikuwa akitazama nyuso, kisha akiuliza kwa jina, "Fulani yuko wapi? Nani amempitia?" Mzee aliyeambiwa abaki nyumbani alipelekewa salamu na chakula. Msikiti ulikuwa umefunguliwa kwa watu mia, na hesabu ya waliokosekana ilikuwa yawekwa.

Hilo la kuuliza lina asili kubwa katika dini yetu. Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, alikutana na habari kwamba tauni imeingia huko, ile iliyoitwa tauni ya Amwas, mwaka 639 kwa hesabu ya miladi. Alikuwa kiongozi wa waumini na angeweza kuamua peke yake, lakini aliita watu wafanye shauri. Akawauliza Muhajirina, kisha Ansari, nao wakatofautiana, kisha wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana kwamba arudi. Ndipo akaamua kurudi, na baadaye akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na uamuzi ule: nchi iliyoingia tauni usiiingie, na ikikukuta ndani yake usiikimbie. Mara nyingi tunapoieleza habari hii tunashika ile hadithi, na ni haki yake. Mimi leo naomba tushike pia yale mashauri. Kabla ya kuwapeleka watu kwenye hatari au kuwaondoa, Umar aliwasikiliza wale watakaokwenda.

Katika kufungua vyuo vyetu, wanafunzi hawakuitwa kwenye shauri la namna hiyo.

ALIYERUDI NA ASIYERUDI

Mpwa wangu alirudi Kisii mwezi ule wa Oktoba. Nilimsindikiza kituoni na mkoba wake ule ule, barakoa usoni, na nilipomwuliza kama yuko tayari alicheka akasema, "Mjomba, chuo ndicho kiko tayari. Mimi sijui."

Aliniandikia baadaye yaliyomkuta. Mlangoni alipimwa joto, akanawa, akapewa alama ya kukaa. Darasa liligawanywa nusu, na yale ya muhula mzima yakafundishwa kwa majuma machache ili mwaka usipotee. Mwalimu aliingia akaanza pale alipoachia mwezi wa Machi, kana kwamba waliagana jana. "Nilifungua daftari," aliandika, "nikauona mwandiko wangu mwenyewe kama wa mtu mwingine." Hapana aliyesema haya, soma, nikusikilize.

Hofu nayo ilikuwapo, ya namna mbili. Kwanza alihofia kuugua mbali na kwao. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: alihofia kuchukua maradhi chuoni akamletea mamake, mwenye kisukari, siku atakayorudi Mombasa. Kijana wa miaka 23 alikuwa akiwaza kwamba shahada yake yaweza kumwua mzazi wake. Mtu mwenye wazo hilo kichwani hukaa darasani, akatia sahihi kwamba amehudhuria, na bado hayupo.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya mwenzake wa chumba. Huyu alikuwa kijana wa Nyamira, mwana wa kwanza katika nyumba ya watoto watano, mwenye bidii kuliko mpwa wangu kwa ushahidi wa mpwa wangu mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha kusalimu kwa lugha ya kwao, naye akafundishwa kupika wali wa nazi. Vyuo vilipofungwa alirudi kwao kwenye chai. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na malipo makubwa, waitayo bonasi, huja mara moja kwa mwaka. Ndiyo yanayolipa karo. Nyumba yenye midomo saba haikuweza kumngojea kijana akae tu. Alichukua pikipiki kwa mkopo, akawa mtu wa bodaboda, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ikawa na mtu aletaye pesa kila jioni.

Chuo kilipofunguliwa, mkopo wa pikipiki ulikuwa haujafika nusu. Akiiacha pikipiki, mwenye mkopo ataichukua na yaliyokwisha lipwa yamekwenda. Akiendelea nayo, chuo kitampita. Na wadogo zake wawili nao wangerudi skuli Januari, nao wakitaka karo. Kijana alimpigia simu mpwa wangu akamwambia, "Niwekee vitu vyangu, nitakuja mwezi ujao." Mwezi ukaja, na mwingine ukaja. Alikuwa amebakiza muhula mmoja.

Sasa tujiulize, kijana huyu hakuwa tayari? Kwa kipimo cha mlangoni, angepita. Joto lake lilikuwa sawa na barakoa alikuwa nayo. Akili yake ilikuwa safi na hamu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumpigia simu na kumwuliza umezuiwa na nini, na pengine kumwambia karo yako tutaipanga kwa vipande, mtihani wako utaufanya muhula ujao, jina lako halitafutwa. Mpwa wangu asema jina lake liliitwa katika orodha juma la kwanza na la pili. Juma la tatu halikuitwa tena.

Wako watakaosema serikali ingefanya nini, janga lilikuwa jipya kwa dunia nzima, na muda ulikuwa mfupi. Ni maneno ya haki. Wengine watasema vijana wengi walionja pesa wakasahau kitabu, kwa hivyo kosa ni lao. Huenda wako wa namna hiyo. Watoro hawakukosekana hata enzi zetu. Lakini hata mtoro wetu alitafutwa. Maalimu hakukubali kwamba mtoto ametoroka mpaka wakubwa wa chuo wamefika kwao na kuona kwa macho. Mara nyingi walimkuta kitandani, au mamake mgonjwa na yeye ndiye achotaye maji. Hukumu ilikuja baada ya habari.

HATARI ILIKUJA BAADA YA KUFUNGULIWA

Tena yafaa tukumbuke kwamba kufunguliwa mlango hakukuwa mwisho wa maradhi. Chanjo za kwanza zilifika Kenya mwanzo wa Machi 2021, nazo zikaanza na wahudumu wa afya, walimu, askari na wazee. Vijana waliwekwa nyuma katika foleni. Kisha tarehe 17 Juni 2021 serikali ikatangaza kwamba maradhi yamezidi katika kaunti 13 za magharibi na kandokando ya ziwa, na Kisii na Nyamira zote mbili zilikuwamo. Kafyu huko ikawa kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri, na watu wakashauriwa wasitoke wala wasiingie bila haja. Sisi wa pwani wakati huo tulikuwa tumelegezewa kidogo, na wazazi wenye watoto huko walipiga simu usiku na mchana.

Basi wanafunzi wale waliorudi bila kuulizwa waliishi katika moto wa maradhi muhula mzima, wakasoma, wakafanya mitihani. Wengi walimaliza. Mpwa wangu alimaliza, alhamdulillahi, na mamake yu hai. Waliovumilia wastahiki heshima kubwa kuliko tuliyowapa. Tuliwahesabu kama waliorudi tu, wala hatukuuliza walirudi na nini.

Haya si mambo ya kuzika pamoja na barakoa zetu. Mlango wa elimu hufungwa tena na tena. Mwaka 2024 mvua kubwa na mafuriko vilichelewesha ufunguzi wa skuli za Kenya kutoka mwisho wa Aprili mpaka tarehe 13 Mei, na hesabu iliyosikika ilikuwa ile ile: vyoo vingapi vimebomoka, madarasa mangapi yameingia maji. Ni hesabu ya lazima. Lakini siku ya kwanza ya masomo, ni wangapi walioambiwa haya, soma?

Nami ningekuwa na sauti mbele ya wakuu wa vyuo, wa Kisii, wa Nyamira na wa hapa kwetu, ningeomba mambo mawili madogo yasiyohitaji maputo angani. La kwanza, kila chuo kikifunguliwa baada ya kufungwa kwa dharura, juma la kwanza lisiwe la somo jipya. Liwe la kudurusu na kusikiliza, mwalimu ajue kila mmoja amebaki na nini na amebeba nini. La pili, jina lisifutwe katika orodha mpaka mtu amekwenda au amepiga simu kuuliza. Wakubwa wa chuo wapo. Ni wanafunzi wenzao, na wao wajua njia za vilimani kuliko ofisi.

Yule kijana wa Nyamira aliumaliza mkopo wa pikipiki. Wadogo zake wamesoma kwa pikipiki ile, na hilo si jambo dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Chuoni hakurudi. Mpwa wangu alipofungasha kwa mara ya mwisho kuja Mombasa, alimpelekea godoro na masufuria yake, lakini madaftari mawili yalisahaulika ndani ya mkoba wake. Yako hapa kwangu, juu ya rafu pamoja na vitabu vyangu. Kila nikitaka kuyapeleka posta, mpwa wangu hunizuia. "Yaache mjomba," huniambia, "huenda akaja kuyachukua mwenyewe."

Nami namalizia kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yangu:

Mlango ukifunguka, si kwamba wote wangia,
Wako waliosumbuka, njiani wakasalia,
Mwalimu ukiwaweka, kwanza shika kusikia,
Mwenye kurudi mwulize, ndipo umfunze njia.